Maganda Manne Yasiyokuwa Yake

Tulimzika Papa Ilunga Jumamosi iliyopita. Kutoka makaburini tukarudi kwenye ukumbi wa kanisa lao, ghorofa ya pili ya jengo kuukuu la mjini kati, chini yake wanauza mablanketi kwa jumla. Tukala wali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, kisha watu wakaanza kusimulia habari za marehemu mmoja baada ya mwingine, na zamu yangu ilipofika wanawe wakaniletea kipaza sauti pale pale nilipokaa. Nikasema alikuwa fundi cherehani hodari na jirani wa kweli, na kwamba ndiye aliyekuwa akinipakia kwenye pikapu yake kunipeleka kupiga bunduki. Ukumbi mzima ukacheka. Walidhani bibi kizee wa Tanga anawachangamsha wafiwa. Nikawaacha wacheke, nikarudisha kipaza sauti. Lakini njiani, tumesimama kwenye roboti, ile taa ya barabarani, inayokataa kugeuka kijani, ikanijia kwamba habari ile sasa naijua mimi peke yangu. Mume wangu Bakari alitangulia mwaka 2019. Ilunga naye ndiyo huyo. Na nilichowaambia pale ukumbini kilikuwa nusu, tena ile nusu inayonipendeza mimi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma asitafute mapambo humu.

Bunduki ilikuwa ya Bakari. Ipo hadi leo, ndani ya sefu iliyofungwa ukutani, leseni ikiwa kwa jina langu. Si bunduki ya kuringia watu. Ni ya zamani, ya bei ya chini tangu ilipotoka kiwandani, ile aina ya komeo: unapiga moja, unanyanyua mkono wa komeo, unavuta nyuma, ganda tupu linaruka nje, unasukuma mbele, ndiyo unapiga nyingine. Komeo lenyewe linakwaruza kama droo ya kabati iliyonyeshewa. Kitako ni cha mti mwepesi uliopakwa rangi ili uonekane mti wa maana, na pale shavu linapolala rangi imekwisha. Risasi za dukani ilizitupa ovyo, moja huku, moja kule. Bakari hakuilaumu. Alisema bunduki ya bei rahisi inachagua chakula, na kazi ya mwenyewe ni kuipikia. Akawa anajaza risasi zake nyumbani, akipunguza na kuongeza baruti kidogo kidogo, miezi mingi, mpaka akakipata kipimo inachokipenda. Kilikuwa kipimo cha juu, karibu na mwisho wa kile ambacho kitabu chake cha vipimo kinaruhusu, lakini ndani ya mpaka. Kwa kipimo hicho, mita mia moja, matundu yake matatu uliweza kuyafunika kwa kizibo cha soda.

Kazi hiyo aliifanyia stoo, kichumba kilicho kando ya jiko letu hapa Troyeville, ambamo wenye nyumba wa zamani walikuwa wanaweka unga na chupa za mvinyo. Upande mmoja vitunguu vyangu na gunia la mchele, upande wa pili meza yake, na juu ya meza ile mashine ya kubonyezea maganda imekazwa kwa skrubu nne. Alikuwa na maganda hamsini, si zaidi, ya kiwanda kimoja, yamenunuliwa siku moja, na kila moja lina tundu lake ndani ya boksi la plastiki. Akipiga, anaokota, anayaosha kwa sabuni na ndimu, anayaanika, anayajaza upya. Kila majira ya baridi yeye na Papa Ilunga walikwenda kwenye shamba la wanyama kuwinda swala, na kila mwaka Ilunga alirudi na hadithi ile ile ya namna Bakari anavyokimbia na kisu ili awahi kuchinja kabla mnyama hajakata roho. "Mama Salma," ataniambia kwa Kiswahili cha kwao, "huyu bwana yako anakimbiaka sawa vile nyama inamuita na jina! Siye tunakulaka tu." Bakari anacheka mpaka anashika mlango. Hayo yalikuwa ya zamani.

Kiharusi kilimpata mwishoni mwa 2016, asubuhi, akivaa viatu vya kwenda kazini kulinda geti la maghala. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuza, na maneno yakawa yanatoka mazito kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Hospitali ikamrudisha na karatasi ya mazoezi: afinye mpira, anyanyue mkono, atembee akishika ukuta mara nne kwa siku. Nikaibandika kwenye friji. Bakari akakaa kwenye kiti cha sebuleni akitazama ukuta wa jirani, na kiti kile hakukiacha isipokuwa kwa kubebwa. Uji anakunywa nusu. Chapati anaziachia sahani, haziliki. Nesi wa zahanati akaniita kando, akaniambia, "Gogo," yaani bibi kwa lugha ya hapa, "mwili wake utarudi akitaka mwenyewe. Asipotaka, mwaka huu hamalizi." Mwaka wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza, 2017. Huo ndio mwaka ninaousimulia. Nilikuwa nimeshakuwa bibi, na bado nasema ndio ulionifunza.

Jumapili moja Ilunga alitoka kanisani akapitia kwetu na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nikamsikia akitania sebuleni, "Mzee Bakari, nimekuletea bukari. Iko jina yako, basi kula hata kidogo." Bukari kwao ni ugali. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki, mlango umeachwa wazi kidogo. Kisha nikasikia sauti ya mume wangu.

"Ilunga, ichukue ile bunduki. Kaiandikishe kwa jina lako."

"Sababu gani?"

"Kitu kama kile kikae na mtu mwenye mikono."

"Hapana sema vile, Mzee."

"Mimi nimekwisha. Ichukue."

Nikazima jiko. Nikaingia sebuleni na mwiko wangu mkononi unadondosha mafuta kwenye zulia. "Mikono ipo," nikasema. "Hii hapa. Miwili."

Ilunga akapiga makofi. "Eh! Mama Salma! Utapiga swala na mwiko?"

"Nitapiga na bunduki. Huyu atanifundisha. Akishindwa kunifundisha, ndipo uichukue."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Ilikuwa hasira. Mtu umeishi naye miaka yote hiyo, halafu anahesabu mikono iliyomo ndani ya nyumba na yako haioni. Binti yetu Salma, anayesuka nywele mtaa wa Berea, aliposikia alikuja mbio. "Eish, Mama. Wenzako wa umri huu wanafuma vitambaa." Nikamwambia vitambaa nimeshafuma. Akamgeukia baba yake ili amsaidie kunizuia, na Bakari, ambaye tangu arudi kutoka hospitali hajaomba kupelekwa popote, akasema, "Nipelekeni stoo."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mimi nikawa mkono, yeye jicho. Nilibonyeza maganda mashineni, nikachomeka fataki mpya, kile kidonge cha kuwashia baruti, chini ya kila moja, na kwenye kupima nilimwaga baruti kwa kijiko kidogo huku yeye ameinama juu ya mizani akiusoma ule mstari mwembamba. Mimi kupika nimezoea kukisia. Siku ya kwanza nikamwaga kwa jicho, akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto. "Hii si chumvi, Mama Salma. Chumvi ikizidi watu wanakunywa maji." Alikuwa na sheria zake. Mezani kopo moja tu la baruti, lisije likachanganywa na jingine. Redio izimwe. Wakati wa kupima hakuna maneno, hata mtu akibisha hodi. Maganda yote yakishajazwa, anamulika tochi ndani ya kila moja kuona baruti imefika sawa, ndipo nibonyeze kichwa cha risasi. Kutoka kitini mpaka stoo ni ukumbi mzima, na baada ya wiki kadhaa akaanza kuuvuka kwa kushika ukuta, mimi nyuma yake na kiganja mgongoni. Karatasi ya mazoezi sikumtajia tena. Chakula cha mchana akakiomba mwenyewe, akilie pale pale mlangoni pa stoo, sahani juu ya gunia la mchele. Nesi alipomwona akaniuliza nimempa dawa gani. Nikamwambia baruti, akafikiri ni dawa ya kienyeji.

Jumapili asubuhi, Ilunga akikosa ibada kwa ajili yetu, tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Sheria inataka mwenye leseni awe ubavuni pa anayepiga, kwa hiyo Bakari asipokuwepo na mimi sipigi. Tulimkalisha kwenye kiti nyuma yangu, masikio kayaziba, akiniongoza. "Triga usiivute. Ifinye polepole, kama unapima parachichi sokoni." Mara ya kwanza bega liligeuka rangi ya biringanya na shabaha ikabaki nzima. Mara ya pili nilitoboa kona ya karatasi. Ilunga akaibeba kuwaonyesha watu. Mara ya tatu nilipiga hamsini zote, na kumi za mwisho zikakaa ndani ya duara. Bakari akasema, "Sasa unapiga." Si mtu wa kusifu. Nilijisikia msichana, nami sina haya kuandika hivyo.

Ni siku hiyo hiyo nilipokosea. Komeo nilikuwa nalivuta kwa nguvu za kufungua geti, na maganda yalirukia majanini. Bakari alikuwa amechoka, Ilunga anampandisha garini. Nikainama kuokota, nikahesabu, arobaini na sita. Nikapekua majani kwa mikono. Arobaini na sita. Hapa lazima nieleze, maana asiyefanya kazi za ndani hataelewa. Miaka mingi nilitumika kwenye majumba ya watu, kaskazini ya mji huu. Kule kijiko kikipotea huulizwi kimekwenda wapi. Unaulizwa wewe ulikuwa wapi. Kwa hiyo unajifunza. Kikombe kikivunjika, unanyamaza, siku yako ya mapumziko unashuka mjini, unazunguka maduka mpaka ukione kinachofanana, unakirudisha kabatini kabla mwenyewe hajafungua. Nilifanya hivyo kwa vikombe, sahani, hata kishikizo cha dirisha. Sikuitwa mwizi hata siku moja. Basi pale uwanjani, ardhi imejaa maganda ya watu wengine, nikachagua manne yenye urefu ule ule na rangi ile ile, nikayachomeka kwenye yale matundu manne yaliyokuwa wazi. Boksi likajaa. Bakari nyumbani alipitisha kidole gumba juu ya matundu yote, akatikisa kichwa kuridhika.

Kuyajaza, yale manne yalinipa taabu. Fataki hazikutaka kuingia. Nikakaza mkono zikaingia. Sikumwambia.

Safari iliyofuata ilikuwa mwanzo wa baridi. Nilipiga mbili vizuri. Ya tatu ilinipiga bega kama teke la punda, mlio wake mkali kuliko kawaida, na nilipotaka kunyanyua mkono wa komeo ukagoma. Nikavuta kwa mikono miwili. Haukusogea. Msimamizi wa uwanja, mzungu mrefu mwenye kaptula, akapiga filimbi wote wakaacha, akaja, akaielekeza bunduki kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha na kuligonga komeo kwa nyundo ya mbao. Ganda likatoka na fataki iliyobondeka ikawa bapa kama sarafu iliyokanyagwa na treni. Akaitazama hiyo fataki tu, akanitupia ganda kiganjani, akamgeukia mume wangu. "Oupa," akasema, ndivyo wanavyomwita babu, "baruti imezidi hapa. Ingempasukia usoni. Nani alipima?"

Bakari akanyoosha mkono wa kushoto. "Mimi."

Ganda lilikuwa bado la moto ndani ya ngumi yangu. Nilijua ni lipi. Niliukumbuka ule ugumu wa fataki, nikalijua kabla hata sijaligeuza. Na mbele ya yule msimamizi, watu wamekusanyika, mimi nikafanya kile nilichokizoea miaka yote mbele ya watu wanaohesabu vijiko. Nikatazama chini.

Njia nzima Bakari alitazama nje ya dirisha la pikapu. Kesho yake nilipomwita stoo akasema hapana. Akarudi kwenye kiti chake na ukuta wake. Chai ikipoa anaiacha. Nikimuuliza leo siku gani, kumchangamsha tu, ananijibu, "Usiniulize mimi, kichwa kimeharibika." Mguu ukaanza kuburuzika upya, maana haukuwa na pa kwenda. Wiki ya kwanza nikajiambia itapita. Ya pili nikajiambia nitamweleza akipata nafuu. Unaona ujinga huo. Nilikuwa nasubiri apone ili nimpe dawa. Salma alikuja akamtazama, akanivutia jikoni. "Mama, Baba anaondoka." Nikamwambia akasonge ugali.

Wiki ya tatu Ilunga akaja. Nilikuwa nakuja na sinia la chai, nikawasikia kabla sijafika mlangoni.

"Kesho uipeleke polisi," Bakari alikuwa anasema. "Waiponde."

"Mzee, mukono yako iko moja tu, lakini kichwa iko mzima."

"Si mzima. Nilisoma mizani vibaya, Ilunga. Niliitazama kwa macho haya, nikaona sawa, kumbe si sawa. Ningemuua mke wangu. Mtu ambaye hawezi kuamini jicho lake, anaishi kwa nini?"

Nikarudisha sinia jikoni. Nikasimama pale nimeshika ukingo wa sinki. Mimi si mtu wa kulia, na sikulia. Nilifikiri habari moja tu, kwamba mwanamume yule anakufa kwa ajili ya kijiko nilichokificha. Nikamtoa Ilunga nje kwa adabu, nikamwambia bunduki haiendi popote kesho, aje mchana.

Asubuhi, baada ya chai ambayo hakuinywa, nikamwomba Bakari ufunguo wa sefu. Akanipa bila kuuliza wa nini, na hilo lilinitisha kuliko yote. Nikatoa boksi, nikazitafuta zile tatu zilizobaki, nikaziweka mapajani pake pamoja na ganda lililopigwa. Nikamvalisha miwani.

"Nini hizi?"

"Zigeuze. Soma alama ya kiwanda chini."

Akageuza moja kwa kidole gumba cha kushoto, akaisogeza kwenye mwanga. Akachukua ya pili. Ya tatu. Kisha lile ganda.

"Hizi si zangu."

"Si zako. Zako nne nilizipoteza majanini. Nikaokota hizi, nikazichanganya na zako ili usijue."

Akaligeuza lile ganda tena. "Haya maganda ya jeshi," akasema, polepole, kama mtu anayejisomea. "Ukuta wake mnene. Ndani nafasi ndogo. Baruti ile ile unaitia kwenye chungu kidogo."

"Sikujua."

"Hukujua, au hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Na pale uwanjani, niliponyoosha mkono?"

"Nilinyamaza."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," nikasema. "Nisamehe, Baba Salma."

Neno la kuomba radhi lilikuwa geni mdomoni mwangu. Yeye halikumlainisha. Alifoka. Mwanamume ambaye sauti yake ilikuwa haivuki mlango alifoka mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Aliniita mwongo, akaniita mwenye kiburi, akasema nyumba hii si ya mabwana zangu na yeye hajawahi kunihesabia vijiko. Yote yalikuwa kweli nami niliyapokea nimesimama. Kisha akashika mkono wa kiti. Nikanyoosha wangu kumsaidia, akaupiga kofi. Akainuka mwenyewe, mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akasimama, akaufuata ukuta wa ukumbi mpaka stoo, anahema na bado anagomba.

Akaniamuru nimpe ile nyundo ya plastiki ya kuvunjia risasi: unaifungia risasi ndani, unagonga, kichwa kinachomoka na baruti inabaki humo humo. Nilishika ubao wa kugongea, akagonga kwa mkono wa kushoto. Mara sita, mara saba, kichwa kikatoka. Akamimina baruti kwenye sahani ya mizani bila kumwaga hata punje. Mkono wa mizani ukapanda, ukashuka, ukacheza.

"Usiguse meza. Soma."

Nikainama nikamsomea. Ulikuwa umesimama pale pale penye kipimo chake.

Akavunja ya pili. "Soma." Pale pale. Akavunja ya tatu, jasho linamtiririka, bega linatetemeka kwa uchovu, na mizani ilipotulia hakuniambia nisome. Alisogeza uso mpaka miwani ikakaribia kugusa sahani, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza.

"Nilipima sawa," akasema.

"Ulipima sawa."

"Sema tena."

Nikasema tena.